Sketi ya Safta na Mzinga wa Mto Tisza

Zama hizo Kaisari aliyeketi Vienna alimiliki mataifa mengi kuliko alivyoweza kuyakumbuka, na miongoni mwa hayo walikuwamo Waromania na Wahungaria wa Transilvania, nchi ya vilima na misitu iliyozingirwa na milima ya Karpati. Watu wa mataifa hayo mawili walikaa kijiji kimoja, wakachota kisima kimoja, na walipogombana waligombana kwa jambo la maana, kama vile bata wa nani kala kabichi ya nani. Kisha wakubwa wakaona ugomvi huo ni mdogo mno, wakaleta wa kwao.

Katika kijiji cha Nuceni aliishi Mromania mmoja aliyeitwa Nistor Barsan, mtu mfupi, mwenye masharubu mazito na maneno machache. Kazi yake ilikuwa kusomba magogo kwa nyati. Si nyati wa porini wenye hasira. Hawa ni nyati weusi wa kufugwa, ambao watu wa nchi ile huwafunga nira, na majike yao huyakamua maziwa mazito kama uji. Yeye na mkewe Safta hawakujaliwa mtoto. Walijaliwa nyati.

Vita ilipoanza, askari wa Kaisari walikuja na makoti yao ya kijivu, wakaswaga madume mawili. "Mtarudishiwa tukishashinda," walisema. Hawakushinda. Mwaka wa tatu wa vita, jeshi la mfalme wa Romania likavuka milima kuja kuwakomboa ndugu zake, na Waromania wa Nuceni wakatoka kulilaki kwa mkate na chumvi, kama ilivyo desturi yao kwa mgeni wa heshima. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikula mkate, akala na kuku, akakaa majuma machache, akafurushwa akarudi alikotoka. Na waliomfurusha wakaja kuuliza ni nani aliyempa mkate. Katika kupishana huko, huyu akienda na yule akirudi, majeshi yaliacha chawa, na chawa wakaacha homa. Homa ikamchukua Safta. Alizikwa na majirani. Hakuna jemadari aliyeleta hata mshumaa.

Safta aliacha nyati jike mmoja, Joiana, aliyemlea tangu ndama. Sasa, ng'ombe ukimwimbia atakupa maziwa, na mbuzi ukimshika vizuri atakupa, lakini nyati humjua mmoja tu. Nistor aliketi na ndoo kama alivyomwona mkewe akiketi, na Joiana akayabana maziwa yote juu, akampiga teke, ndoo ikavuka ua. Ilitua kwa jirani yake Ambrus Bodo, Mhungaria, mfinyanzi mrefu aliyepinda mgongo kwa kuinamia gurudumu. Ambrus aliirudisha ndoo, akaegemea ua.

"Hakutaki," alisema.

"Nimeona."

"Anamtaka mkeo. Vaa sketi yake."

"Mimi?"

"Basi nivae mimi?"

Nistor alikasirika, akaingia ndani, akakaa. Joiana akalia siku nzima kwa kiwele kilichojaa. Mwisho akaitoa ile sketi sandukuni, nyeusi ya sufu yenye mistari myekundu, akaifunga kiunoni, akajitanda na mtandio wa marehemu, akatoka akiomba Mungu kusiwe na mtu barabarani. Joiana alimnusa goti, akashusha pumzi ndefu, na maziwa yakaja. Nistor alilia akikamua, na kwa kuwa mtandio ulikuwa umeshuka usoni, hilo lilibaki kati yake na nyati.

Mwaka ule vita ilipokwisha, au walipotangaza kwamba imekwisha, yakaja mafua makali yaliyoua wengi kuliko bunduki. Binti wa Ambrus alijifungua, akafa, akaacha kitoto cha kike kilichoitwa Borika. Mumewe Gergely alikuwa mateka huko Italia, na watu walimhesabu katika wafu. Nistor hakusema neno la pole, kwa kuwa hakujua lisemwalo. Alipitisha tu jagi la maziwa juu ya ua, na kesho yake tena, na kesho kutwa. Borika alikataa maziwa ya mbuzi, akayatapika. Ya Joiana, yaliyozimuliwa kwa maji ya moto, aliyanywa na kushiba. Hivyo mtoto wa Kihungaria akanenepa kwa nyati wa Mromania, wakati magazeti ya pande zote mbili yakiapa kwamba watu hao hawawezi kukaa pamoja.

Kaisari akaanguka. Kibao cha jina la kijiji kiling'olewa kikawekwa kingine, kisha wenye kibao cha kwanza wakang'oa cha pili, mpaka mti wenyewe ukaoza. Jeshi la Romania likarudi, safari hii la kukaa, na Wahungaria wakaunda jeshi jipya lenye utepe mwekundu ng'ambo ya mto Tisza, mbali huko magharibi kwenye nchi tambarare. Na katika joto la kiangazi, Kapteni Valeanu wa mizinga akasimama uani kwa Nistor, buti zake zimepasuka, farasi wake wa mwisho amekufa njiani.

"Huyu atavuta mzinga mpaka Tisza," alisema.

"Bwana kapteni, huyu anakamuliwa. Kuna mtoto anaishi kwa maziwa yake."

"Mtoto wako?"

"Wa jirani."

"Jirani gani?"

Nistor alitazama ua. "Bodo, mfinyanzi."

"Mhungaria." Kapteni alicheka kwa uchovu. "Mzee, sisi tunakwenda kupigana na Wahungaria, wewe unawanywesha maziwa."

"Huyu hana meno, bwana kapteni. Hajaanza kupigana."

Haikusaidia kitu. Miaka yote hiyo Nistor alingoja wakubwa wanaosema lugha yake, nao walipokuja walimnyang'anya kwa lugha yake, hiyo ndiyo tofauti. Ila askari aliyepewa kumwongoza Joiana alirushwa kwenye lundo la samadi, na wa pili vilevile, ndipo kapteni akaamuru Nistor aende kuwa mchungaji. Nistor akaikunja sketi na mtandio ndani ya mkoba. Alipogeuka alimkuta Ambrus amevaa kofia ya safari, Borika amelala kwenye kihori cha mbao cha kukandia unga. Kilikuwa cha Safta, na ndicho kilichokuwa kitanda cha mtoto tangu azaliwe.

"Unakwenda wapi na wewe?"

"Mtoto hana miguu ya kufuata maziwa. Mimi ndiye miguu."

"Mhungaria akionekana nyuma ya jeshi anapigwa risasi kama mpelelezi. Na Kiromania chako kinanuka Kihungaria toka mlangoni."

"Basi nifanyeje?"

Nistor alifikiri. "Kuanzia sasa wewe ni binamu yangu, bubu. Nimekusikiliza tangu utoto. Sasa Mungu ananilipa."

Wakaenda. Mzinga ulikuwa mdogo, wa milimani, wenye magurudumu marefu na mikono miwili ya mti iliyofungwa kwenye nira kwa pini ya chuma. Walishuka kutoka vilimani, wakapita stesheni zilizochomwa, na mabehewa yaliyogeuzwa nyumba, kamba za nguo zikining'inia kutoka dirisha hadi dirisha. Walipita mashamba ya alizeti yasiyo na mvunaji. Kila alfajiri Nistor alijifunga sketi mbele ya jeshi zima akakamua, na kila alfajiri askari walimngoja kama watu wangojavyo ngoma.

"Mama Nistor, umeamkaje?" aliuliza Koplo Tudose, kijana wa kusini mwenye kofia ya ngozi ya kondoo ambayo hakuivua hata juani. "Baba watoto yuko wapi?"

"Yule pale, bubu," alisema mwingine akimwonyesha Ambrus. "Ndoa yenye amani hiyo."

Nistor aliendelea kukamua. Alijaza jagi la Borika kwanza, yaliyobaki aliwagawia askari kwa bilauri, Tudose kwanza, naye alikunywa, akafuta mdomo, akasema taratibu, "Asante, mzee." Kesho yake alianza tena na mama Nistor. Ambrus, aliyekatazwa kusema, alikuwa akitetemeka kwa kicheko kilichozuiwa, na hilo lilimuudhi Nistor kuliko askari wote.

Walifika karibu na Tisza siku ya joto kali, jani halitikisiki. Walipumzika mbali na mto, penye miti. Mtu yeyote aliyefuga nyati anajua: nyati akipatwa na joto hana bwana. Akinusa maji ataingia majini, na chochote kilichofungwa nyuma yake kitaingia naye, liwe gari la nyasi, liwe jeneza. Kwa hiyo saa za jua kali wachungaji huwamwagia nyati maji kwa ndoo na kungoja jua liiname. Nistor alikuwa ameketi na sketi yake akimkamulia Borika maziwa ya mchana, ndipo Kapteni Valeanu akaja mbio.

"Funga nira. Tunasogea ukingoni."

"Sasa hivi? Bwana kapteni, ataingia mtoni."

"Hata kwetu tuna nyati, mzee. Najua." Kapteni alifuta jasho, na kwa mara ya kwanza alionekana kijana tu. "Jenerali anakuja saa sita kukagua. Ameamuru auone mzinga ukingoni saa sita."

"Ungemwambia."

"Nimemwambia kanali. Kanali amesema jenerali hakagui nyati, anakagua mizinga."

Nistor hakupewa hata nafasi ya kubadili nguo. Walipotokeza kwenye ukingo, Tisza ulikuwa mpana, wa rangi ya kahawia, umetulia. Askari walipangwa mstari. Mbali kidogo motokaa ya jenerali ilikuwa inatimua vumbi. Joiana aliinua pua. Nistor alimkumbatia shingo, akamsihi kwa majina yote mazuri aliyoyasikia kwa Safta, na Joiana, bila ya chuki, akambeba pamoja na majina hayo akateremka mtoni. Mzinga ukaruka nyuma yake. Ukapita mbele ya mstari wa askari waliosimama wima kama heshima ya kijeshi inavyotaka, ukaingia majini mbele ya macho ya jenerali.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Hawakusema neno juu ya anayeyavalia sketi. Maji yalimfika Nistor kifuani, sufu ya Safta imemlemea kama mtu amemshika miguu. Joiana alijilaza kwa raha. Lakini chini ya ukingo tope lilikuwa na mteremko, na mzinga ukaanza kuteleza kwenda kwenye kina, ukimvuta kwa nira, kinyumenyume, kichwa kikizama. Nistor aliishika ile pini.

"Usiiguse," alipiga kelele kapteni kutoka juu. "Mzee, mzinga utakwenda. Watanipiga risasi, watakupiga na wewe."

Nistor aliutazama mzinga. Alitazama pua za Joiana, mashimo mawili meusi yaliyobaki juu ya maji. Akaichomoa pini.

Mzinga ulizama polepole kama mzee anayekaa kitini. Na Wahungaria ng'ambo, walioliona jeshi limepangwa wazi mchana kweupe na motokaa inang'aa, wakaanza kufyatua. Makombora yakachimba ukingo, mstari wa askari ukavunjika. Joiana akashtuka, akaupa mgongo mngurumo uliokuwa karibu, akaogelea kuelekea ng'ambo, Nistor amening'inia kwenye pembe. Alipogeuka kutafuta mtoto, alimwona Ambrus yumo mtoni, ameushika mkia wa nyati kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anasukuma kihori kinachoelea, na Borika amekaa ndani anayapiga maji kwa kiganja. Na Nistor akaona jambo lililomchoma: uso wa Ambrus haukuwa wa mtu anayekimbia mizinga. Ulikuwa wa mtu anayevuka.

"Pigeni," kanali aliamuru nyuma yao. Bunduki zikalia. Risasi zilipita juu kabisa, mahali wapitapo kunguru. Koplo Tudose alikuwa mlenga shabaha wa kikosi, na siku hiyo alikosa, na waliokuwa pembeni yake, ambao nao walikwisha kuonja maziwa, wakakosa vilevile.

Walipopanda ukingo wa pili walizungukwa na askari wenye utepe mwekundu, nusu yao peku. Nistor alijivuta mtandio mpaka puani. Sasa Kihungaria chake ndicho kilichonuka.

"Nani ninyi?" aliuliza sajini wao, mtu wa makamo mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi.

Na Ambrus, aliyebanwa ububu tangu kijijini, akafunguka kama bwawa. Ni Mhungaria kutoka Transilvania, mfinyanzi, anamleta mjukuu kwa baba yake, kijiji cha pili kutoka hapa, na huyu ni mkewe.

"Mbona mkeo hasemi?"

"Bubu. Tangu vita."

"Una bahati." Sajini alimtazama Nistor, kisha akainama kidogo. "Mkeo ana masharubu."

"Vita imetufanya mengi, bwana sajini."

Nyuma yao askari mmoja alikuwa ameshachomoa kisu akimpapasa Joiana shingo. "Nyama hii tutakula juma zima," alisema. Nistor alifungua mdomo, na Ambrus akamkanyaga mguu kwa nguvu zake zote. Kisha Nistor akafanya alilolijua. Alichukua kofia ya chuma ya askari aliyekuwa karibu, akachutama, akakamua. Joiana aliijua sketi hata ikiwa imelowa, naye alitoa. Borika alinyweshwa kwanza. Kofia ya pili alipewa sajini.

Sajini alikunywa yote. Povu lilimganda mdomoni.

"Mama yangu alikuwa na nyati hawa," alisema. "Alipokufa, baba alivaa sketi yake mwaka mzima. Kijiji kilimcheka mpaka akazeeka." Akamgeukia yule wa kisu. "Rudisha hicho."

"Lakini bwana sajini, amri ya—"

"Walioamuru wamekula leo. Rudisha." Kisha akamwambia Nistor, akimwangalia moja kwa moja masharubu yake, "Nenda salama, mama. Na kilichozama pale chini, wakubwa zangu wakiuliza, mimi sikuona."

Walitembea katikati ya mashamba ya ngano iliyoanguka. Hatimaye Nistor akasema, "Baba yake yuko hai."

"Msafiri mmoja aliniambia wakati wa kupanda mbegu. Ana mkono mmoja na nyumba ya mama yake. Yeye hawezi kuja, mimi siruhusiwi kwenda. Jeshi lako lilikuwa linakwenda."

"Jeshi langu. Mimi nina nyati mmoja, sina jeshi. Njia nzima naitwa mama, wewe unacheka kimoyomoyo, na ulijua."

"Ningekwambia ungekuja?"

"Mimi nilimfuata nyati."

"Ndiyo," alisema Ambrus. "Na mimi pia."

Gergely alikuwa kijana aliyezeeka, mkono wa koti umebanwa kwa pini. Alimchukua Borika, asijue kumshika kwa mkono mmoja, na mtoto akalia akamnyooshea Nistor mikono. Zizini hamkuwa na kitu. Majeshi yamepita, alisema Gergely, na hakueleza yepi, wala hapakuwa na haja. Alikuwa na viazi. Alikuwa na maji.

Asubuhi Nistor alitoka akakuta Joiana amesimama kwenye jua, kiwele kimejaa. Angeweza kumfunga kamba akarudi naye. Alikuwa wake, zaidi, alikuwa wa Safta, kiumbe wa mwisho aliyeukumbuka mkono wa Safta. Ndani mtoto alianza kulia kwa njaa. Nistor alisimama hapo muda mrefu, amechoka na wafalme na makaisari na majenerali, ambao hakuna hata mmoja aliyekuwapo kuamua jambo hili. Kisha akaifungua sketi kiunoni. Akauvua mtandio. Akabaki na suruali ya ndani mbele ya nyumba ya watu.

"Njoo hapa," alimwita Ambrus. "Uliuliza kama uvae wewe. Haya, vaa."

Ambrus alitazama sketi, akatazama jirani yake. "Nistor."

"Vaa, kabla sijabadili mawazo."

Ilimfikia Ambrus magotini tu, kwa urefu wake. Alijitanda, akachutama, mgongo wake uliopinda ukakaa vizuri kabisa kwa kazi ile. Joiana aligeuza shingo. Alinusa mtandio, akanusa goti. Nistor alijikuta anaomba ampige teke; ampige mara moja tu, ndoo ivuke ua. Joiana alishusha pumzi ndefu, na maziwa yakaanza kugonga ndoo.

"Mkono laini zaidi kwenye titi la nyuma," alisema Nistor. "Safta alikuwa hivyo." Akageuka kwenda kuomba suruali.

Jeshi la Romania lilivuka mto siku chache baadaye, na Nistor alirudi kwa daraja lao la mashua, akipishana na mikokoteni ya jeshi, hakuna aliyemtazama mzee mwenye suruali ndefu kuliko miguu yake. Msimu wa mavuno padri alisoma gazeti mbele ya kanisa: Kapteni Valeanu amevishwa nishani, kwa kuwa mzinga wake ndio uliokuwa wa kwanza kuingia Tisza. Watu walipiga makofi. Nistor alisema ni kweli, ulikuwa wa kwanza, naye alikuwapo. Hawakumwuliza zaidi. Kisha mpaka ukachorwa na mabwana waliokaa mbali, Nuceni huku, kijiji cha Gergely kule, na kati yao walinzi.

Siku moja jirani mpya, mwanamke Mromania aliyepewa nyumba ya mfinyanzi, aliegemea ua pale pale alipozoea kuegemea Ambrus.

"Baba Nistor, watu wanasema ulikuwa ukianika sketi ya marehemu hapo kwenye kamba. Mbona siioni?"

Nistor aliendelea kupasua kuni.

"Safta amehamia Hungaria," alisema. "Kuna mtoto kule."